Kusaini Mbele ya Mthibitishaji wa Hati: Kinga Yake Iko Wapi?

Watu wengi huleta kwa mthibitishaji, yaani mtu aliyepewa mamlaka ya kisheria ya kushuhudia saini, hati ambayo wameshaisaini nyumbani, wakiomba igongwe muhuri tu. Mara nyingi tunalazimika kuwaomba waanze upya. Muhuri wa mthibitishaji unasema kwamba mtu huyu, ambaye kitambulisho chake kimekaguliwa, alifika mwenyewe siku hiyo na akaikubali saini yake kwa hiari. Zipo nchi zinazoruhusu ukiri mbele ya mthibitishaji saini uliyokwisha kuiweka, lakini hati ya kiapo ni lazima uape na kuisaini pale pale.

Umuhimu wa jambo hili huonekana zaidi siku mambo yanapoharibika. Aliyeuza kiwanja anaikana saini yake. Mkopaji anadai kurasa zimebadilishwa. Au mzee aliyempa mwanawe mamlaka ya kumwakilisha amefariki, na ndugu wanasema hakuwahi kusaini kitu. Hati ikiwa haijathibitishwa, mwenye nayo ndiye atakayehangaika kutafuta mashahidi, ambao huenda wamehama au wamefariki, na pengine kumlipa mtaalamu wa miandiko. Ikiwa imethibitishwa ipasavyo, mahakama za nchi nyingi huanza kwa kuichukulia saini kuwa ni halali, na anayeipinga ndiye anayetakiwa kuleta ushahidi. Kwangu mimi, hii ndiyo faida kubwa kuliko zote.

Nguvu hiyo inatokana na kazi inayofanyika mezani. Mthibitishaji makini hulinganisha jina lililo kwenye hati na lililo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi. Nafasi zilizoachwa wazi hutaka zijazwe au zipigwe mstari, ili mtu asije akaongeza tarakimu baadaye. Asiyejua kusoma husomewa hati yote kwa lugha anayoielewa kabla ya kuweka dole gumba. Mthibitishaji akiona mgonjwa anajibiwa kila swali na jamaa aliyemleta, humwomba jamaa huyo asubiri nje. Wazee wengi wameepuka kunyang'anywa mali kwa sababu ya swali moja waliloulizwa wakiwa peke yao.

Mamlaka ya mthibitishaji hutofautiana kati ya nchi na nchi. Ufaransa na Ujerumani, yeye ni mwanasheria anayeiandaa hati mwenyewe na kuzishauri pande zote mbili. Ujerumani, mkataba wa kuuza ardhi usiopita kwake ni batili. Ufaransa, hati halisi hutunzwa kwake kwa miaka 75 kabla ya kupelekwa kwenye hifadhi ya nyaraka, kwa hiyo ukipoteza nakala yako unaweza kupata nyingine. Katika majimbo mengi ya Marekani si lazima awe mwanasheria, na asiye mwanasheria haruhusiwi kutoa ushauri wa kisheria. Ukiwa huko, usidhani kwamba muhuri wake una maana kwamba mkataba wako umekaguliwa.

Hati inayokwenda kutumika nje ya nchi ina hatua ya ziada. Mkataba wa The Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961 uliondoa mlolongo wa kupita wizarani na ubalozini kwa nchi wanachama: cheti kimoja, kiitwacho apostili, kinatosha. Nacho huthibitisha saini, cheo na muhuri wa aliyeitoa hati. Maudhui ya hati hakiyagusi. Ikiwa nchi hati inakotoka au inakokwenda si mwanachama, utafuata njia ndefu ya zamani, hivyo ulizia mapema.

Uongo uliothibitishwa hubaki kuwa uongo, na aliyeapia uongo anaweza kushtakiwa. Na ukikutana na mthibitishaji aliye tayari kugonga muhuri bila kumwona mtia saini, achana naye, hata kama anakurahisishia kazi. Hati ya namna hiyo inaweza kutupwa mahakamani, na hasara itakuwa yako wewe uliyeitegemea.