Fomati ya kiwandani haifanyiki nyumbani
Wengi bado wanaamini kwamba diski kuu ikianza kusumbua, dawa yake ni "fomati ya ndani kabisa", ile inayochora upya njia zake, yaani miduara ya kuhifadhia data, na sekta, yaani vipande vya kila mduara. Miaka ya 1980 ilikuwa kweli: uliandika amri g=c800:5 ndani ya DEBUG, programu ndogo ya DOS (mfumo endeshi wa enzi hizo), na kadi inayoongoza diski ikaanza kuchora. Diski za leo huchorwa kiwandani. Kompyuta yako haina uwezo huo. Programu zinazojinadi kwa jina hilo hujaza sifuri tu, toka mwanzo hadi mwisho. Hata hivyo si kazi bure: sekta mbovu ikiandikiwa upya, diski yenyewe huweza kuibadilisha na ya akiba. Ila kama kichwa kinachosoma data kimeshakwaruza sahani inayozunguka ndani ya diski, sifuri hazisaidii kitu.