Miiko ya uongozi ni nini?

Mtu akilalamika kwamba viongozi wa siku hizi hawana miiko, mara nyingi ana maana kwamba wanaiba. Miiko ya uongozi kama ilivyoandikwa Tanzania mwaka 1967 haikuhusu wizi. Mwizi alikuwa na sheria yake na mahakama yake. Miiko ilimkataza kiongozi mambo ambayo kwa raia mwingine yalikuwa halali kabisa. Ukoo wenye mwiko wa kutokula mnyama fulani hausemi nyama yake ni sumu. Unasema tu kwamba sisi hatuili.

Miiko hiyo imo katika Azimio la Arusha, tamko la siasa ya ujamaa na kujitegemea, lililopitishwa na Halmashauri Kuu ya TANU, chama kilichotawala wakati huo, mwishoni mwa Januari 1967 na kutangazwa tarehe 5 Februari. Kiongozi wa TANU au wa Serikali alitakiwa awe mkulima au mfanyakazi. Asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asiwe mkurugenzi katika kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili au zaidi, na asiwe na nyumba ya kupangisha. Waliobanwa hawakuwa mawaziri na wabunge peke yao. Walikuwamo madiwani, wakubwa wa mashirika ya umma, hata watumishi wa Serikali wa ngazi ya kati. Mume au mke wa kiongozi naye alihesabiwa, maana bila hivyo kila nyumba ingehamia jina la mama watoto.

Mwiko uliouma zaidi ulikuwa huo wa nyumba. Kwa ofisa wa mjini, kujenga na kupangisha kulikuwa njia ya wazi ya kujiongezea kipato, na wengine walikuwa tayari wameshajenga. Bibi Titi Mohamed, mmoja wa wapigania uhuru wakubwa, alikuwa miongoni mwa walioupinga. Lakini hoja ya Azimio ilikuwa nzito: waziri mwenye wapangaji, siku Baraza la Mawaziri linapojadili kodi za nyumba, tayari ana upande, hata kama hajachukua senti ya mtu. Kwa hiyo miiko haikungoja kiongozi akosee ndipo aadhibiwe. Ilimwondolea kishawishi mapema.

Nyuma ya hoja hiyo kulikuwa na ahadi ya mwana-TANU: “Cheo ni dhamana, sitatumia cheo changu wala cha mtu mwingine kwa faida yangu.” Rais wa wakati huo, Julius Nyerere, aliichukua kwa uzito. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa na kunung'unikia mishahara ya wakubwa, aliwafukuza, lakini papo hapo akapunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Unaweza kubishana naye kuhusu lile la kwanza. La pili viongozi wachache wameliiga.

Udhaifu wa miiko ulikuja kuonekana miaka ya 1980, mishahara ilipopoteza thamani. Ofisa mwenye mshahara mmoja usiofika katikati ya mwezi alifuga kuku, akanunua ng'ombe wa maziwa, akaanzisha “miradi”. Aliyeishika miiko kwa dhati ndiye aliyeumia kuliko wenzake.

Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM, chama kilichorithi nafasi ya TANU, ikikutana Zanzibar, iliilegeza miiko. Hisa, mshahara wa pili na nyumba za kupangisha vikaruhusiwa. Uamuzi huo watu waliuita Azimio la Zanzibar, na Nyerere, akiwa amekwisha kustaafu, hakuficha kwamba haukumpendeza.

Kilichopo sasa ni Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995. Hii inamtaka kiongozi atamke mali na madeni yake anapoingia madarakani, kila mwisho wa mwaka, na anapoondoka, na tamko hilo hupelekwa Sekretarieti ya Maadili. Mbunge mwenye nyumba kumi za kupangisha havunji sheria hiyo, mradi ameziandika zote kumi kwenye fomu.