Kusita: maana yake katika riwaya ya kutisha

Kusita ni hali ya msomaji kukosa uhakika kama jambo analolisoma linaelezeka kwa sheria za dunia anayoijua au linadai sheria nyingine kabisa. Mara nyingi mhusika naye yumo katika hali hiyohiyo. Aliyeipa dhana hii umbo la kinadharia ni Tzvetan Todorov, mhakiki mzaliwa wa Bulgaria aliyefanya kazi Ufaransa, katika kitabu chake cha 1970 kuhusu fasihi ya kifantasia. Anachosema kwa ufupi ni hiki: mlango umefunguka wenyewe usiku. Ikibainika baadaye kwamba ni upepo, homa, ndoto au ulaghai wa mtu, hadithi imerudi katika dunia ya kawaida. Ikikubalika kwamba ni jini kweli, hadithi imehamia dunia nyingine. Riwaya ya kutisha huishi katikati, kabla uamuzi haujatolewa, na ufundi wa mwandishi hupimwa kwa namna anavyouchelewesha uamuzi huo.

Ndiyo maana kuwepo kwa zimwi peke yake hakutoshi. Katika ngano ya Nunda mla watu, iliyochapishwa na Edward Steere katika mkusanyiko wake wa 1870, paka wa sultani anaanza kula mifugo, sultani anamtetea, mwisho paka anageukia watu. Mwana wa sultani anapokwenda kumsaka anaua mnyama baada ya mnyama akidhani ndiye. Swali la ngano ni yupi kati ya hawa ndiye Nunda. Hakuna anayeuliza kama Nunda anaweza kuwapo. Msikilizaji anaogopa, anacheka, lakini hasiti. Ukiisoma riwaya ya kutisha kwa masikio ya ngano, yaani ukalikubali jitu tangu ukurasa wa kwanza, umeshapoteza nusu ya utamu.

Jitu lenyewe linahitaji maelezo. Mwanafalsafa Noël Carroll, katika kitabu chake cha 1990 kuhusu falsafa ya hadithi za kutisha, anadai jitu la kutisha lazima liwe na mambo mawili kwa pamoja: lidhuru, na lichanganye makundi ambayo akili yetu imeyatenga. Aliye hai na aliyekufa, mtu na mnyama, kilicho ndani ya mwili na kilicho nje. Wazo la makundi alilichukua kwa Mary Douglas, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti kati ya Walele wa Kasai, Kongo, na kuandika mwaka 1966 kuhusu usafi na hatari. Mfano wake mashuhuri ni kakakuona: ana magamba kama samaki lakini anapanda miti, ana sura ya mjusi lakini ananyonyesha, na huzaa mtoto mmoja mmoja kama binadamu. Walele walimzungushia miiko na ibada, kwa sababu hakai katika kundi lolote. Kakakuona hadhuru mtu, kwa hiyo si jitu. Mpe madhara, utakuwa umepata jitu.

Upande wa pili ni simba wa Tsavo wa mwaka 1898, waliokula wafanyakazi wa reli. Walidhuru vya kutosha, lakini simba ni simba, ana kundi lake. Hata hivyo J. H. Patterson, aliyewaua, aliandika kwamba wafanyakazi waliamini hao si simba bali ni mizimu ya machifu wawili waliokufa, wanaoipinga reli. Hapo ndipo habari ya wanyama inapoingia mpaka wa hadithi ya kutisha: hofu ya meno imeongezewa hofu ya kutojua ni kitu gani chenye meno hayo.

Kiswahili kina kifaa cha kulifanya hili ambacho lugha nyingi hazina. Kwa kawaida chenye uhai huchukua upatanisho wa a-wa hata kama nomino yake ina sura ya ngeli nyingine: kiboko amekuja, kipepeo ameruka. Mwandishi akiuvunja upatanisho huo kwa makusudi, ameharibu kundi bila kutaja pembe wala damu. Tazama:

"Mtu alisimama chini ya mwembe, amenipa mgongo. Nilimwita, hakuitika. Akageuka, na mwezi ulipompiga nikajua kilikuwa kikinitazama tangu mwanzo."

Vitenzi vya mwanzo vinamshika kama mtu: alisimama, nilimwita, akageuka. Kisha "kilikuwa kikinitazama", na mtu ameondoka katika sentensi bila kutoka chini ya mwembe. Maneno "tangu mwanzo" yanafanya kazi nyingine: yanakulazimisha urudi kwenye "amenipa mgongo" ujiulize, kama alikuwa amegeuka, alikuwa akitazama kwa macho gani? Msomaji anayesoma haraka atapita hapo akiona ni mtu tu wa ajabu. Kwa hiyo unaposoma riwaya ya aina hii kwa Kiswahili, weka alama kila mahali upatanisho unapobadilika. Wakati mwingine ni kosa la uchapaji. Likijirudia mara tatu kwa mhusika yuleyule, si kosa.

Alama nyingine ni maneno ya mashaka: labda, huenda, kana kwamba, nilidhani, ilionekana. Todorov aliyatilia mkazo sana, na jaribio lake ni rahisi. Chukua sentensi "ukuta ulikuwa kana kwamba unapumua". Futa "kana kwamba". Sasa ukuta unapumua, na dunia ya kitabu imekwisha kubadilika. Ukikuta mwandishi ameyatumia maneno hayo kwa sura kumi kisha ghafla ameyaacha, hapo ndipo alipovuka, na mara nyingi hatakutangazia. Mwandishi hafifu hufanya kinyume: anajaza "ghafla" na "cha kutisha" kila aya, akimwambia msomaji aogope badala ya kumnyima uhakika.

Sasa dunia zinazogeuka. Wasomaji wengi hukata tamaa hapa wakisema kitabu kimechanganyikiwa. Kabla ya kusema hivyo, jiulize ni mgeuko wa aina gani. Kuna dunia mbili zilizotengwa na mlango, kioo au usingizi. Hapa tafuta gharama ya kuvuka, maana asiyelipa chochote hayuko hatarini. Kuna dunia moja inayooza kidogo kidogo, na hii ndiyo ngumu kuisoma, kwa sababu dalili za mwanzo ni ndogo mno: mlango uliokuwa ukifungukia ndani sasa unafungukia nje, ngazi zimeongezeka moja, jirani anamwita mhusika kwa jina la marehemu ndugu yake. Halafu kuna dunia iliyotulia, inayogeuka ni akili ya anayeisimulia. Kwa kila sura andika mistari mitatu pembeni au kwenye daftari: nani ameona, alikuwa wapi na saa ngapi, nini si kama kilivyokuwa. Baada ya sura tano au sita utaona mchoro. Usipoandika, utakuwa unaamini kumbukumbu yako, na riwaya hizi zimetungwa ili kumbukumbu yako ishindwe.

Mstari wa "nani ameona" ndio wenye uzito. Katika riwaya fupi ya Henry James ya mwaka 1898, The Turn of the Screw, mwalimu wa nyumbani anaona mizimu ya watumishi wawili wa zamani. Anaona yeye. Ziwani, mtunza nyumba anasimama palepale na haoni kitu. Mwaka 1934 mhakiki Edmund Wilson aliandika kwamba mizimu haipo, ipo akili ya mwalimu tu, na ubishi haujaisha mpaka leo kwa sababu James hakumleta shahidi wa pili wa kuaminika. Ukikosa kuhesabu mashahidi utamaliza kitabu hicho ukidhani umesoma hadithi ya mizimu ya kawaida, tena isiyotisha sana.

Dracula ya Bram Stoker, ya mwaka 1897, inaonyesha kusita kukizaliwa na kukifa. Jonathan Harker, akiwa mgeni katika ngome, ananyoa ndevu na kugundua mwenyeji wake, Dracula, haonekani kwenye kioo. Baadaye anamwona akiteremka ukutani kichwa chini kama mjusi, na jambo la kwanza analofanya ni kuulaumu mwanga wa mbalamwezi. Huko ndiko kusita kwenyewe. Lakini riwaya nzima ni shajara, barua, simu za maandishi na vipande vya magazeti, na mara Mina, mke wa Harker, anapozipiga chapa zote na kuzipanga kwa tarehe, mashaka yanakwisha. Kuanzia hapo ni msako, mzuri, lakini ni msako. Wanaoruka tarehe zilizo juu ya kila shajara hawaoni ni wapi kusita kulipovunjika. Kisha, katika maelezo mafupi ya mwisho, miaka saba baadaye, Harker anakiri kwamba karibu hawana hati halisi hata moja, ni rundo la karatasi za taipureta tu. Mashaka yanarudi kwa mlango wa nyuma.

Kitabu hichohicho kinafundisha jambo jingine: sheria za jitu zichukue ndani ya kitabu, usizilete na wewe. Wengi wanadhani jua humuua mnyonya damu kama Dracula. Kwa Stoker, Dracula hutembea London mchana. Anachopoteza ni uwezo wa kujibadilisha, isipokuwa saa sita kamili ya mchana, au jua linapochomoza na kutua. Kufa kwa mwanga wa jua kuliletwa na filamu ya Nosferatu ya mwaka 1922. Ukisoma ukingoja jua limalize kazi, utaona mwandishi amekosea, kumbe hakukosea.

Kosa kubwa kwetu sisi tuliopita katika madarasa ya fasihi ni kufasiri mapema. Tumezoea: zimwi ni mkoloni, msitu ni ufisadi, andika, pata alama. Todorov alionya kwamba tafsiri ya kifumbo huua kusita, kwa kuwa ukishajua jitu "linawakilisha" nini huna haja ya kujiuliza kama lipo. Kuna riwaya zinazotaka kusomwa hivyo. Katika Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 2001, babu aliyekufa anamtokea K, mtu mkubwa serikalini, na msomaji anaelewa mapema kwamba hii ni kesi dhidi ya tabaka la watawala. Ni mbinu halali, ila si ya kutisha kwa maana tunayoieleza hapa, na wala haikusudii kuwa hivyo. Kwa riwaya ya kutisha, liache jitu liwe jitu mpaka ukurasa wa mwisho. Fumbo, kama lipo, litafutwe katika usomaji wa pili, pamoja na kile cha kwanza ulichokiandika kwenye daftari na ukakipuuza.