"Jirani kapata maji mita 40": dhana potofu kuhusu miamba ya Tanga

Nimeisikia tena wiki iliyopita, Pongwe, kwa mzee aliyekwisha kulipa wachimba visima: "Mwanangu, jirani kapata maji mita 40. Wewe nionyeshe tu pa kutoboa." Hii ndiyo dhana inayonichosha kuliko zote, kwa sababu inamaliza akiba za watu. Inadhaniwa kwamba miamba imelala chini ya mtaa mzima kama mikeka iliyotandikwa.

Ilitandikwa hivyo, ni kweli. Mchanga na tope la Karoo, enzi ya kale ya matabaka haya, vilijipanga hapa takriban miaka milioni 300 hadi 180 iliyopita. Lakini Gondwana, bara kuu la kale ambalo Afrika ilikuwa sehemu yake, lilipovutwa hadi likapasuka, ganda la dunia lilikatika vipande. Vingine vilizama, vingine vikabaki juu, na matabaka yakainamia baharini. Ndiyo maana ukitoka Tanga mjini kwenda Muheza unazidi kukanyaga mawe ya kale: matumbawe ya ufukweni, kisha chokaa kama ile ya Kiomoni, kisha mawe ya mchanga, mwisho miamba geu (iliyobadilishwa na joto na mgandamizo chini ya ardhi) ya zaidi ya miaka milioni 600.

Nikiwa kwa mteja huomba chapati sita. Zipange, zikate katikati kwa kisu, kisha nusu moja iinue kwa kisahani. Chapati ya nne upande huu sasa inatazamana na ya pili upande ule. Huo ndio ufa wa miamba: si shimo unaloweza kutumbukia, ni mahali ambapo tabaka limehama. Huenda limehama mita 2, huenda mamia ya mita.

Kuna viwanja viwili ninavyovikumbuka, vimetenganishwa na njia ya ng'ombe tu. Kimoja kilitoa maji kwenye mchanga wa chengachenga, mita 40. Cha pili walishuka hadi mita 90, mashine ikawa inatema vipande vyembamba vya kijivu vinavyomeguka kwa ukucha. Tope lililogeuka jiwe, kavu kabisa. Ufa ulipita chini ya ile njia, na mwamba wenye maji ulikuwa umezama kina ambacho fedha ya mteja isingefika.

Kwa hiyo pima kwanza, kwa survei ya umeme (kupitisha umeme ardhini kujua kilichopo chini), kabla mashine haijashushwa garini. Na mkichimba, nawasihi: wekeni sampuli ya kila mita 3 kwenye mfuko, muandike kina chake. Watu huzimwaga, na mwenye kiwanja cha jirani anaanza upya gizani. Wala ufa si adui siku zote. Kule Muheza jiwe lenyewe ni gumu na halina nafasi ya kuweka maji. Maji yako kwenye nyufa, na hapo ndipo ninapowapeleka wachimbaji. Yule mzee wa Pongwe nimemwomba asubiri nipime.

Zipo dhana nyingine ninazozisikia. "Usambara ni volkano kama Kilimanjaro." Hapana. Huko hakuna zaha (mawe yaliyoyeyuka yanayotoka volkano), ni miamba geu iliyoinuliwa pembezoni mwa nyufa. Panda kutoka Mombo kwenda Soni uone ukuta ulivyosimama. Bonde la Lwengera, linalotenga Usambara Mashariki na Magharibi, ni kipande kilichoshuka.

"Maji moto ya Galanosi yanatoka kwenye volkano iliyojificha." Joto la ardhi hupanda takriban nyuzi 25 hadi 30 kwa kila kilometa ya kina. Maji ya mvua yakipata njia ya kwenda chini sana na nyingine ya kurudi, hurudi na joto. Moto wa volkano hauhitajiki.

"Mapango ya Amboni yanafika Mombasa." Pango hilo limeyeyushwa na maji yenye asidi hafifu ndani ya chokaa. Chokaa inapoishia, pango nalo linaishia.

"Makombe ya baharini yaliyomo kwenye mawe yaliletwa na gharika ya Nuhu." Imani ya mtu siigusi, nazungumzia jiwe. Gharika moja ingeyasomba makombe na kuyamwaga juu ya ardhi. Chokaa ya Amboni yote ni sakafu ya bahari ya enzi ya Jura, zama za dinosauri: viumbe waliishi pale, wakafa, tope la chokaa likawafunika, kizazi juu ya kizazi, hadi sakafu hiyo ikainuliwa ikawa nchi kavu.