Oranjari inaanzia kwenye ukuta, sio kwenye kioo

Hili neno oranjari limeingia Tabora kupitia picha za kwenye simu, na sasa hivi linabandikwa kila penye kioo. Mtu kafunga kibaraza chake kwa alumini na kioo cheusi, anasema ana oranjari. Fundi anamwonyesha mteja chumba cha kioo kuanzia sakafuni mpaka paani, anakiita oranjari. Juzi pale Ipuli nimesikia fundi anamweleza mama mmoja kwamba oranjari ni grinihausi ya kukaa watu, na mama wa watu anaitikia tu, hela ya tofali keshaiweka pembeni. Hapo ndo nikaona niandike, maana kukosea jina peke yake hakuumizi mtu, ila hapa jina likikosewa na ramani inakosewa, na yule mama atajengewa chumba ambacho mwezi wa kumi, saa nane mchana, hakikaliki.

Maana yake ni fupi. Oranjari ni chumba kinachoongezwa kwenye nyumba, chenye nguzo au kuta nene za tofali, madirisha marefu katikati ya hizo nguzo, na paa ambalo pembeni kote ni paa la kawaida lisilopitisha mwanga, katikati tu ndo panaachwa uwazi panakaa kijumba kidogo cha kioo kinachoitwa lanteni. Basi, hiyo ndo oranjari ya siku hizi.

Tatizo la watu wengi liko kwenye paa. Uingereza, ambako kuongeza vyumba vya aina hii ni biashara kubwa, kuna kipimo walichokizoea: chumba ambacho paa lake ni kioo kwa asilimia 75 au zaidi, na kuta zake nusu au zaidi ni kioo, hicho wanakiita konsavatori. Ukipunguza kioo cha juu chini ya hapo, nguzo za tofali zikaonekana na mkanda wa paa zima ukazunguka pembeni, hapo ndo unaingia kwenye oranjari. Grinihausi ni ya tatu kabisa, ile ni nyumba ya mimea, mtu anaingia kumwagilia na kuchuma halafu anatoka zake. Kwa hiyo picha nyingi mnazotumiana ni konsavatori, tena zimepigwa kwenye nchi ambazo jua ni la kubembeleza.

Jina linatokana na machungwa, hilo wengi wanalijua, ila hawajiulizi machungwa yalikuwa yanatafuta nini ndani ya nyumba. Huku kwetu mchungwa unasimama uani mwaka mzima, mbuzi anausugua mgongo na bado unazaa. Ulaya baridi inaua mti. Kwahiyo wafalme na matajiri wa karne ya 17 wakawa wanapanda michungwa kwenye makasha makubwa ya mbao, mingi ikiwa ile ya machungwa machungu ambayo watu wa pwani wanaiita midanzi, majira ya joto makasha yanatolewa nje bustanini, baridi ikikaribia yanarudishwa ndani. Ile maarufu kuliko zote iko Versailles, Ufaransa, imechorwa na Jules Hardouin-Mansart na kujengwa kati ya 1684 na 1686 kwa mfalme Louis XIV. Ukumbi wake mkuu una urefu unaozidi mita 150, na kuta zake zina unene wa mita 4 mpaka 5. Mita jamani, sio inchi. Madirisha yako upande mmoja, yanaangalia kusini, na juu ni dari la mawe tupu, huoni kioo hata kimoja. Majira ya baridi ndani panabaki kama nyuzi 5 mpaka 8, na hizo zinatosha mti usife. Kazi kubwa pale inafanywa na unene wa ukuta, kioo kinaingiza mwanga tu.

Anayetaka kuona tofauti mahali pamoja kuna bustani ya Kew kule London. Mle ndani kuna oranjari ya William Chambers ya mwaka 1761, ya tofali zilizopigwa plasta, na michungwa haikustawi humo kwa sababu mwanga ulikuwa mdogo. Bustani hiyohiyo ina nyumba ya michikichi na jamii zake iliyojengwa 1844 mpaka 1848, yote chuma na kioo mpaka juu. Katikati ya hizo nyumba mbili kuna karibu miaka 90, na kuna kodi ya kioo ambayo Uingereza iliifuta mwaka 1845, kioo kikashuka bei na watu wakaanza kujenga kwa kioo kitupu. Yani ni vizazi viwili vya majengo, vina mawazo mawili tofauti kuhusu joto, na lanteni juu ya paa la oranjari ni dawa ya lile giza la kizazi cha kwanza bila kuvua paa lote.

Sasa tulete hapa kwetu.

Mwanga wa jua unapita kwenye kioo vizuri tu, unapiga sakafu, sakafu inachemka na kutoa joto lake, na joto la aina hiyo halirudi nje kirahisi kupitia kioo, halafu na hewa yenyewe ya moto imefungiwa humo haina pa kwenda. Mtu wa Ulaya analitafuta hilo joto kwa hela. Tabora iko kama nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwahiyo jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa mwezi wa tatu na tena mwanzoni mwa mwezi wa kumi. Mwezi wa tatu angalau kuna mawingu na mvua zipo. Mwezi wa kumi mvua bado, ardhi imekauka, ndo kipindi chetu cha joto kali, na saa sita hiyo jua liko wima juu ya kichwa chako. Dirisha la ukutani saa hiyo karibu halipigwi kabisa, ila paa la kioo linapigwa lote. Ndo maana nang'ang'ania hii tofauti ya paa, kwa mtu wa Tabora ni tofauti ya chumba unachokaa na chumba unachofunga mlango na kukipita.

Na hao wanaotoa ramani kwenye intaneti, ramani inasema weka madirisha kusini, fundi naye anaweka kusini. Kule Ulaya zinakotoka hizo ramani, jua la mchana liko upande wa kusini mwaka mzima. Huku kwetu mwezi wa sita jua la mchana liko upande wa kaskazini, mwezi wa kumi na mbili liko kusini, na mara zote mbili liko juu, linashindwa na ukingo wa paa tu. Paa likitokeza mita 1 nje ya ukuta, saa sita mchana mwezi wa sita ukuta wa kaskazini unapata kivuli karibu mita 1.8 kushuka chini, na mwezi wa kumi na mbili ukuta wa kusini unapata kama mita 3. Kwahiyo madirisha makubwa weka kaskazini au kusini, yoyote kati ya hizo ni sawa. Mashariki na magharibi ndo pa kuogopa, jua la saa kumi linaingia kwa chini, ukingo wa paa haulizuii, hapo jenga ukuta mzima wa tofali wala usione aibu.

Ndugu zetu wa Kigoma wana mtihani mgumu zaidi kwa sababu ziwa liko magharibi na kila mtu anataka kuliona. Hapo nguzo nene zinasaidia kweli, madirisha yakiwa membamba na marefu, kioo kikawekwa ndani kabisa ya unene wa ukuta, jua likija kwa ubavu nguzo inalikata na ziwa bado unaliona. Kioo kimoja kipana kama cha duka la simu upande wa ziwa ni kujichoma mwenyewe kila jioni.

Sisi mbona ukuta mnene tunaujua siku nyingi. Nenda pale Kwihara kwenye lile tembe walilokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872, ukuta mnene, paa bapa, kibaraza mbele, ingia mchana wa jua uone kulivyo ndani. Mtu aliyelijenga lile tembe na yule wa Versailles wangeelewana haraka kuliko fundi wa alumini na mteja wake.

Faida ya oranjari kwa nyumba zetu ipo, na ninaipenda. Nyumba ya vyumba vitatu ukiongeza chumba nyuma ya sebule, madirisha ya sebule yanakufa, mnawasha taa saa tano asubuhi. Lanteni inarudisha mwanga katikati ya nyumba. Kwa maoni yangu isizidi robo ya dari, na kwa hapa kwetu kioo chake kikae pembeni kwa wima, juu yake funika kwa bati lenye siling bodi, halafu zile pembeni weka luva za kufunguka zenye wavu wa mbu, hewa ya moto ipande na kutoka. Itaingiza mwanga wa kutosha na jua la utosini halitakupata. Kuna watakaosema hiyo sio lanteni tena kwa sababu juu hakuna kioo, mimi naona kuta zipo, mkanda wa paa upo, mwanga unatoka juu katikati, inatosha.

Fundi akikulazimisha kioo cha juu, kiwe kile cha tabaka mbili zilizogandishwa, kikivunjika vipande vinabaki vimeshikana. Tabora kila ua una mwembe, na embe bichi likidondoka kutoka juu ya mti halijui kama chini kuna kioo cha bei. Mwembe huohuo una majani, na oranjari mara nyingi paa lake limefichwa nyuma ya ukuta mfupi, gata iko ndani haionekani, majani yanaijaza kiangazi chote, mvua ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja maji yanakosa njia yanarudi kwenye siling, unaona doa la kahawia linatanuka kwenye jipsamu karibu na lanteni. Watu wanalaumu silikoni. Kabla hujampigia fundi panda ngazi uangalie gata, na kama bado hujajenga, mwambie gata iwe pana mkono uingie na iwe na tundu la pili la dharura la kutolea maji.

Fremu sitaongea sana. Mninga tunao, mchwa anaushindwa, ukikauka vizuri haupindi, na dirisha refu la mninga kati ya nguzo mbili za tofali linapendeza kuliko alumini yoyote. Alumini nayo sio dhambi. Kibali cha ujenzi chukua manispaa kabla hujachimba msingi, hata kama ni chumba kimoja.

Kwahiyo wewe uliyefunga kibaraza kwa kioo, kiite kibaraza cha kioo, ni jina zuri na kila mtu atakuelewa. Mwenye paa la kioo aseme konsavatori, na aanze kutafuta turubai la kivuli kabla ya mwezi wa kumi. Na wewe unayetaka oranjari yenyewe, ukikaa na mchoraji muulize kwanza nguzo zitakuwa na upana gani, mkanda wa paa utaingia ndani mita ngapi kabla lanteni haijaanza, na ukingo utatokeza kiasi gani nje. Akianza kukutajia milimita za kioo kabla hajajibu hayo, mrudishe taratibu kwenye nguzo.