Ukiwa kwenye kemotherapi: maswali yanayoibuka ukisharudi nyumbani

Kwa nini ninaambiwa niwe na kipimajoto?

Kwa sababu homa ya mtu aliye kwenye kemotherapi, yaani tiba ya saratani kwa dawa, ni dharura. Dawa hizi hushambulia seli zinazojigawa haraka. Seli za saratani zimo, lakini uboho unaotengeneza damu nao umo. Ndiyo maana chembe nyeupe za damu, zinazopambana na maambukizi, hupungua, na kwa dawa nyingi hufika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi. Siku hizo hata bakteria wanaoishi tumboni mwako bila kukudhuru wanaweza kuingia kwenye damu na kukuangusha ndani ya saa chache.

Kipimajoto kikifika nyuzi 38 au zaidi, au ukitetemeka kwa baridi hata kama joto halijapanda, piga simu kliniki au nenda hospitali usiku huohuo. Kusubiri kupambazuke ndiko kunakoponza wengi. Wala usimeze parasetamoli kwanza "tuone kama itashuka", maana homa inaweza kushuka huku maambukizi yanaendelea. Ukifika mapokezi, neno lako la kwanza liwe: "Niko kwenye kemotherapi na nina homa." Usikae kimya kwenye foleni.

Basi nijifungie chumbani?

La. Toka, ota jua, tembea. Jiepushe tu na wenye mafua na msongamano, na kila anayekushika au kukupikia anawe mikono kwa sabuni. Nyama na mayai viive kabisa. Kutembea kidogo kila siku hupunguza uchovu kuliko kulala mchana kutwa, ingawa mwanzoni utaona kama unadanganywa.

Chakula hakipiti. Nifanyeje?

Dawa ya kuzuia kutapika imeze kwa saa zake, kabla kichefuchefu hakijaanza. Kikishakukamata, kukituliza ni kazi. Kula kidogo kidogo mara nyingi. Chakula kilichopoa huvumilika zaidi kwa kuwa hakina harufu kali. Ukionja ladha ya chuma, jaribu kijiko cha plastiki. Vidonda vikitokea mdomoni, tumia mswaki laini na usukutue kwa maji yenye chumvi kidogo, si kwa dawa ya kusukutua yenye pombe. Ukitapika au kuharisha hadi maji hayakai tumboni, usivumilie, rudi hospitali.

Nywele je?

Si kila dawa huzing'oa. Zikianza kutoka, mara nyingi ni wiki ya pili hadi ya nne. Huota tena tiba ikiisha, pengine zikiwa na mawimbi ambayo hukuwa nayo.

Mkojo umekuwa mwekundu. Ni damu?

Ukipewa doksorubisini, ile dawa nyekundu ya dripu, mkojo hubadilika rangi kwa siku moja au mbili. Ukiendelea baada ya hapo, au hukupewa dawa hiyo, mwone daktari. Kwa saa 48 baada ya dozi, funga mfuniko wa choo kabla ya kuvuta maji, na anayesafisha matapishi au mkojo wako avae glavu.

Naweza kuchanganya na dawa za mitishamba?

Usianze bila kumuuliza daktari, kwani baadhi hubadilisha jinsi ini linavyoshughulikia kemotherapi. Kama umeshaanza, peleka pakiti yenyewe kliniki. Wagonjwa wengi huficha wakiogopa kukaripiwa, na daktari anabaki kupima dawa bila kujua nusu ya habari.

Vidole vinakufa ganzi. Niseme au nivumilie?

Sema. Baadhi ya dawa huumiza mishipa ya fahamu, na ganzi ikiachwa izidi inaweza isiondoke tena. Daktari anaweza kupunguza dozi au kubadili dawa, lakini akijua mapema. Mwambie siku ile unapoanza kuhangaika kufunga vifungo vya shati.