Mchochezi hakuwasha moto

Urambo, mkoani Tabora, msimu wa kukausha tumbaku, kuna watu hawalali. Ndani ya bani, banda la kukaushia, majani yananing'inia kwenye fito. Nje, kwenye mdomo wa tanuri, ameketi mtu mmoja anachochea. Gogo likiungua ncha, analisukuma ndani kidogo. Makaa yakijifunika majivu, anayachokonoa kwa mti mpaka yafunguke mekundu. Siku za mwanzo anauweka moto mdogo ili jani liive rangi ya manjano, kisha anaupandisha taratibu. Akiukuza mapema, jani hubaki na ukijani na bei inaanguka. Kazi hiyo huchukua karibu wiki nzima. Moto wenyewe uliwashwa siku ya kwanza, pengine na mtu mwingine kabisa.

Ndiyo maana dhana hii hunikera kila ninapoisikia hapa Tabora: kwamba mchochezi ndiye aliyeanzisha ugomvi. Kiswahili hakisemi hivyo. Kuwasha ni kuanza. Kuchochea ni kukuta moto upo, hata kama umebaki kaa moja chini ya jivu, na kuupa nguvu. Neno lenyewe ni jamaa ya kuchocha, yaani kuchokonoa kwa kijiti. Kwa hiyo tukisema fulani amewachochea wanakijiji, tumekiri kwa kinywa chetu kwamba manung'uniko yalikuwepo kabla yake. Aliyeyawasha ni nani? Swali hilo huulizwa mara chache mno.

Ukimtaka anayeanza pasipo na moto, lugha inaye: ni anayepekecha. Kupekecha ni kuzungusha kijiti juu ya ubao kwa viganja, haraka, mpaka msuguano utoe moshi, kisha cheche. Mtu anayepekecha watu hufanya hivyohivyo: anawachukua wawili waliokaa baridi, anawasuguanisha kwa maneno. Na yupo anayepalia. Mama zetu walijua kwenda kwa jirani kupalia makaa, kuyachukua kwenye kigae na kuyaleta jikoni. Leo kumpalia mtu makaa ni kumletea balaa lililotoka kwingine. Ni vitendo vitatu tofauti, na makosa matatu tofauti. Tukiviita vyote uchochezi tunapoteza kitu.

Dhana nyingine ni kwamba kuchochea ni neno baya. Limechafuka kwa sababu ya sheria. Sheria ya Magazeti ya 1976, na baada yake Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, ziliuweka uchochezi miongoni mwa makosa ya jinai, basi neno likaanza kunuka mahakama. Lakini fungua Biblia ya Kiswahili, Waraka wa pili kwa Timotheo, sura ya kwanza: Paulo anamwambia kijana wake "uichochee karama ya Mungu". Kitenzi cha Kigiriki kilichoko pale kina maana ya kuufufua moto. Karama ilikuwa tayari ndani ya Timotheo, kama kaa lililojifunika. Mfasiri alilipata neno lake barabara. Darasa la kemia nalo lina vichocheo, na wachumi kila bajeti wanazungumzia kuchochea ukuaji.

Wapo pia wanaosema kwamba misemo hii ya moto tumeitafsiri kutoka Kiingereza. Hapana. Neno la Kiingereza la kosa hilo la uchochezi, sedition, limetoka Kilatini, na asili yake ni kujitenga, kwenda kando; moto haumo. Sisi ndio tuliouleta uchochezi jikoni. Kweli, Waingereza nao wana hasira zinazowaka, lakini hilo halihitaji kuazimwa: aliyekasirika uso wake hupata joto, kila mahali. Kadhalika wanaodhani "bosi amewaka" ni lugha ya vijana wa mjini wakumbuke kwamba Biblia ya Union Version ya 1952 imejaa hasira iliyowaka.

(Methali "kinga na kinga ndipo moto uwakapo" nayo huwachanganya wengi. Kinga hapa si ulinzi. Ni kijinga, ukuni unaowaka. Kijinga kimoja ukikitenga hufifia. Viwili vikigusana vinawaka.)

Imebaki dhana kuhusu neno fitina, kwamba halihusiani na moto. Linahusiana, tena sana. Tumelipokea kutoka Kiarabu, na mzizi wake huko ulitumika kwa kuitia dhahabu motoni ili ijulikane safi ni ipi na chafu ni ipi. Kutoka hapo likawa jaribu, kisha mfarakano, ndipo likafika kwetu kama maneno ya kugombanisha watu. Nenda Nzega, kwa wanaoyeyusha dhahabu, uchungulie ndani ya chungu kikiwa katikati ya makaa: mwanzo vyote ni uji mmoja unaong'aa, kisha taka zinapanda juu na dhahabu inatulia chini.